Mfuta Vibao vya Droni

Hapa kilimani Muhanga, droni zetu za kupeleka damu hospitalini huchajiwa bila waya. Zinatua tu juu ya vibao, navyo hupata joto vikichaji. Mama anayevifuta ana mazoea ya kugusa kila kimoja kwa mgongo wa kiganja, kama anayempima mtoto homa. Juzi damu ya kumwongezea mzazi aliyekuwa akijifungua ilihitajika haraka. Fundi akatazama kompyuta. "Droni ya saba imejaa chaji, nairusha."

"Kibao chake baridi, mwanangu. Imekaa upande, haijala kitu."

"Mama, unabishana na kompyuta?"

"Kompyuta imekigusa lini?"

Fundi akaipima betri, akaikuta tupu, akarusha ya nane. Baadaye hospitali ikapiga simu.

"Mzazi mzima, mama. Kapata msichana."

"Vizuri. Haya, shika bawa hilo, tuisogeze hii ya saba nayo ipate kula."