Fimbo Haikuanguka

Nyumbani tulimwita Redio, kwa sababu alikuwa na sauti ya kila mtu. Alikuwa na kikohozi cha mchungaji wetu kabla ya mahubiri. Alikuwa na sauti yangu pia, mimi fundi cherehani, nikibishana na mteja aliyenenepa kiunoni na hataki kukubali. Mama yake, dada yangu, alifariki Redio akiwa na miaka minne. Nikamchukua yeye na faili lake la hospitali, lililokuwa limeshaanza kunenepa kuliko yeye.

Alikuwa na sikoseli. Aliyewahi kumuuguza mtu wa namna hiyo ataelewa. Kwa wengine niseme tu kwamba maumivu huja bila hodi, yanaingia ndani ya mifupa, na mtu mzima analia kama mtoto. Kwa miaka kumi na minane niliyatambua maumivu yake kabla hajafungua mdomo. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu.

Chuoni alisomea maigizo. Mwaka wa kwanza alipewa nafasi nzuri katika mchezo, akalazwa wiki mbili, akarudi akakuta nafasi yake ina mwenyewe. Mwaka wa pili ikawa hivyo hivyo. Alikuwa hajawahi kuufikisha mchezo mwisho, akasimama mbele ya watu na kuinama, na hicho ndicho alichokitaka.

"Mamdogo, nataka niiname mara moja tu," aliniambia. "Nikishainama, hata wakinipa cheti cha ushonaji nitapokea."

"Ushonaji una ubaya gani?"

"Haupigiwi makofi."

Mwaka wa mwisho wakampa nafasi ya bibi kizee anayekataa kuhama nyumba inayotaka kubomolewa. Safari hii mwalimu hakuambiwa lolote kuhusu ugonjwa. Redio alinisihi nisiseme, na mimi nikakubali. Mungu anisamehe, nilikubali kwa moyo mweupe kabisa.

Uzee hakwenda kuutafuta mbali. Mama yangu tunaishi naye, macho yake yameingia ukungu na anatembea kwa fimbo. Redio alikwenda kumwomba ile fimbo.

"Fimbo nitakuazima, mke mwenzangu," Bibi akamjibu. "Na magoti je?"

"Magoti nitayaiba, Bibi."

Aliyaiba kweli. Kila jioni alikaa kwenye kigoda karibu na cherehani yangu, akainuka, akakaa, akainuka tena. Bibi akiinuka hutoa mguno mmoja mfupi, kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi. Redio aliufanyia kazi mguno huo wiki tatu. Siku moja aliutoa akiwa jikoni, na mimi nikaitikia, "Taratibu, mama." Bibi alikuwa amekaa nyuma yangu muda wote. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Mimi na Redio tulikuwa na makubaliano yetu. Maumivu yakimjia jukwaani, angeiacha fimbo ianguke. Mimi ningeinuka mara moja, nikapita nyuma ya pazia na kumwambia mwalimu asimamishe mchezo. Bila hilo nisingemruhusu, na alilijua.

Alhamisi alikuja na fimbo mkononi. "Nishonee kishikio hapa juu, mkono upite. Jasho likinitoka inateleza."

Nilichukua kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye gauni lake la mchezo, nikakunja mara mbili, nikapiga mishono miwili kwa uzi imara. Aliupitisha mkono, akatikisa. "Umeweza," akasema. Nikafurahi.

Mchezo ulikuwa Jumamosi alasiri. Ukumbi wa chuo ulikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa kwa kubanana, na pazia jekundu lenye kiraka ambacho, kama fundi, kilinikera. Nilikaa na Bibi safu ya pili, pembeni, njia ya kwenda nyuma ikiwa wazi. Kabla ya kuanza niliinamisha kichwa nikaomba. Maneno niliyoomba nayakumbuka: "Bwana, wafanye watu hawa wamwamini."

Alitoka na nundu ya sponji niliyomshonea na kitambaa kichwani, na ukumbi mzima ukacheka kwa upendo, kwa sababu kila mmoja alimwona bibi yake. Mimi nilikuwa nikiitazama fimbo. Alipoketi niliitazama fimbo, na alipogombana na mtu wa kubomoa macho yangu yalikuwa kwenye fimbo.

Katika onyesho la mwisho bibi kizee anainuka kitini na kwenda kuufunga mlango wa nyumba yake. Ni hatua saba, nilizihesabu nyumbani. Redio akainuka. Akatoa mguno. Akapiga hatua moja, akasimama, akatoa mwingine mrefu zaidi, na nyuma yangu nikasikia mwanamke akivuta kamasi.

Bibi akanishika mkono. "Huyo mtoto analia."

"Anaigiza, mama."

"Mguno wangu naujua. Huo si wangu. Huo ni wake."

"Nyamaza, mama, watu wanasikiliza."

Fimbo ilikuwa mkononi mwa Redio. Kwa hiyo nilikuwa na amani. Alizimaliza hatua zote saba, akafunga mlango, na watu wakasimama kama waliovutwa kwa kamba. Na mimi nikasimama. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Akaja mbele akainama, akainama sana, akabaki pale chini. Watu wakacheka na kuzidisha makofi, wakidhani bibi kizee kakwama. Wenzake wawili walipomwinua ndipo nikaona uso wake.

Hospitali walisema maumivu yameshaingia kifuani. Siku ya nne aliweza kuongea.

"Ulipiga makofi, Mamdogo?"

"Nilipiga."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu, mwanangu. Lakini si tulikubaliana? Mbona hukuiacha fimbo?"

Akatabasamu kwa midomo yake iliyokauka. "Ingeangukaje? Kishikio si umekishona mwenyewe?"

Nilimpaka mafuta midomoni.

"Niliogopa mkono ungeiachia bila mimi kutaka," akasema. "Usilie. Nimeinama."

Alituacha siku ya tisa, asubuhi, muuguzi akibadilisha shuka ya kitanda cha jirani. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mwalimu wake alikuja msibani akaniambia kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha hajaona mwanafunzi aliyeaminika vile jukwaani. Nikamshukuru. Yeye hakujua nilichoomba.

Bado nasali. Sijaacha na sitaacha, sina kwingine pa kwenda. Ila siku hizi nikifika mahali pa kuomba nanyamaza tu, naacha Mungu aangalie mwenyewe.

Fimbo ilirudi kwa Bibi. Wiki iliyopita nilichukua mkasi nikaketi nifumue kile kishikio. Bibi akasikia mkasi.

"Unafanya nini na fimbo yangu?"

"Nakitoa hiki kitambaa, mama."

"Kiache."

Akanyoosha mkono, nikampa. Akapapasa mishono kwa kidole gumba, akapitisha mkono ndani, akainuka kitini. Alitoa mguno wake, ule mfupi. Mkasi ulikuwa bado mkononi mwangu, na kabla sijajizuia niliitikia, "Taratibu, mama," kisha nikageuka kuangalia kigoda kilicho karibu na cherehani.