Pale Kwenye Weusi

Usiku kucha Verna Dekarske alikaa mbele ya kompyuta ya binti yake, akiilinda kama mtu aliyeinjika maziwa jikoni. Mstari mmoja wa rangi ukitokea kwenye kioo, anashusha pumzi. Kisha anaanza kusubiri mwingine. Swichi ya jiko la umeme alikuwa ameibandika karatasi: USIGUSE. Juma lililopita aliiwasha mwenyewe, fyuzi ikakatika, na saa saba za hesabu zikapotea. Corinne aliianzisha tena toka mwanzo, na hilo ndilo lililomuuma mama yake.

Corinne alikuwa na miaka kumi na tisa. Alipakia njegere mifukoni katika chumba cha barafu cha kiwanda, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka. Jumamosi klabu ya kompyuta ya mji wao, Sheboygan, ingeshindanisha programu, zote zichore umbo lile lile: tumbo jeusi katikati, kingo zenye vijimatawi visivyokwisha hata ukuze vipi. Bwana Ostrander, mwenye duka la kompyuta, aliahidi kwamba yeyote ambaye programu yake itamaliza chini ya nusu saa, atamwajiri kuandika programu. Ya Corinne ilichukua saa tisa.

Alfajiri binti akatoka chumbani na kikombe cha kahawa.

"Imefika wapi, Mama?"

"Imekwama tena. Pembeni inakimbia, ikiingia kwenye weusi inalala."

"Hailali. Kila nukta nyeusi inaihesabu mara elfu kabla haijakata tamaa."

"Hata za katikati kabisa?"

"Zote."

Verna akacheka. "Kompyuta yako mjinga kweli! Mimi nikifuma blanketi, nikiona ukingo wote wa mraba ni mweusi, siulizi katikati kuna rangi gani. Najaza tu."

Kikombe cha Corinne kikabaki hewani.

"Rudia, Mama."

"Nirudie nini? Kunywa kahawa, utachelewa kazini."

"Mama! Rudia!"

Jioni ile Corinne hakuvua hata buti. Akaiandika programu upya: kompyuta ihesabu kwanza ukingo wa kila mraba, ukiwa wa rangi moja, ijaze ndani bila kuhesabu, la sivyo, iukate mraba vipande vinne na kuanza tena. Namba zenye desimali akazitupa, akatumia namba kamili, ambazo kompyuta huzihesabu upesi zaidi. Ijumaa picha iliisha Verna akiwa bado anamenya viazi. Dakika ishirini na nane! Walirukaruka mpaka jirani wa chini akagonga dari.

Lakini kompyuta ya klabu, ambayo programu zote zingeshindanishwa juu yake, ilikuwa kuukuu na ya polepole kuliko yao.

Jumamosi Verna alibaki ndani ya gari, nje ya ukumbi wa kanisa. "Ukiingia na hayo macho yako nitakosea kubonyeza," Corinne alikuwa amemwambia. Saa nane kamili walianza. Verna akaikodolea macho saa ya gari. Na ishirini. Na ishirini na tano. Theluji ilifunika kioo cha mbele, akashuka kuifuta kwa kofia yake, akarudi ndani. Na thelathini. Mlango umefungwa vilevile. Akafumba macho.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Corinne alitoka mbio, hana koti, mikono juu.

"Ishirini na tisa, Mama! Wamekagua saa mara mbili, ishirini na tisa!"

Nyuma yake Bwana Ostrander alikuwa akihema, koti la msichana mkononi.

"Vaa, wewe! Jumatatu nakuhitaji mzima!"