Mtafiti Aliyesomwa na Mke Wangu

Mke wangu alipoanza chuo, mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba. Nafundisha shule ya msingi, na tunaishi Mwankoko, kwenye nyumba tuliyoijenga chumba baada ya chumba. Yeye alikuwa ameishia kidato cha nne, akafuga kuku, akalea watoto wetu wawili, na yule mdogo alipoingia darasa la kwanza akasema anataka kusomea maendeleo ya jamii. Nilikubali kwa furaha. Nadhani nilifurahi kwa sababu nilijua maswali yote yatakuja kwangu.

Na yalikuja. Mwaka wa kwanza alikuwa akikaa mezani baada ya chakula na kuniita, "Mwalimu, hili neno la Kiingereza lina maana gani hapa?" Nilikuwa naacha kusahihisha madaftari, navuta kiti, naeleza kwa kirefu kuliko alivyohitaji. Majirani wakiingia wakatukuta hivyo, sikuharakisha kumaliza.

Mwaka wa mwisho wakapewa kazi ya utafiti. Yeye alichagua kuku wa kienyeji: nani ndani ya nyumba anaamua kuku auzwe, mke anayemfuga au mume. Lakini kabla ya kwenda kwa watu, mhadhiri wake alitaka kwanza orodha ya marejeo yenye maelezo. Haikutosha kuandika jina la mwandishi, mwaka na kichwa cha habari. Chini ya kila andiko ilibidi aeleze kwa aya fupi linahusu nini, mwandishi alizipataje habari zake, wapi amepungukiwa, na yeye litamsaidia vipi. Wanachuo wenzake wengi walilalamika. Yeye aliipenda kazi ile. Alisema ni kama kukaa na watu wengi mezani, kila mmoja ukamsikiliza mpaka mwisho kabla ya kumjibu.

Meza yetu ikajaa makaratasi ya kutoka steshenari, na mengine akayasoma kwenye simu mpaka macho yakawa mekundu. Jioni moja aliniuliza neno. Nikaeleza. Alinisikiliza, halafu akasema taratibu, "Hapana, mwalimu. Hapa hawalitumii hivyo," akanisomea aya nzima. Alikuwa sahihi. Baada ya hapo maswali yakapungua, kisha yakakoma, nami nikawa nasahihisha madaftari yangu bila kusumbuliwa na mtu, jambo ambalo zamani nilikuwa naliomba.

Ndipo akaikuta ile tasnifu. Ilikuwa kwenye rafu ya chini ya maktaba ya chuo, utafiti wa zamani kidogo uliofanywa katika vijiji vya Mkalama, na juu ya jalada palikuwa na herufi mbili na jina la ukoo. Akaitoa kopi yote, akaja nayo nyumbani imefungwa kwa uzi kama kifurushi cha dagaa. Maandishi mengine aliyamaliza kwa jioni moja moja. Hili alikaa nalo. Alikuwa akisoma anacheka peke yake. Alikuwa akikoroga ugali anasimama, anakwenda mezani kutazama kitu, anarudi.

"Mtafiti wangu anasema," alianza siku moja tukila, "kuku ni wa mama mpaka mgeni abishe hodi. Mgeni akiingia, kuku anakuwa wa baba."

Watoto walicheka. Mimi nilikuwa nimechinja jogoo wake wiki ile ile, mwalimu mkuu wetu alipotutembelea, na sikuwa nimemuuliza. Lakini hilo halikuniuma kama lile neno "wangu".

Tangu hapo mtu yule alihamia kwetu. Mtafiti wangu ameona hivi, mtafiti wangu hakubaliani na wenzake, mtafiti wangu ameishi na kuku huyu, hakusimuliwa. Nilianza kumwona wazi kabisa: mwanaume wa makamo, mrefu, mwenye miwani, mpole wa kusema, wa aina ile inayosikiliza wanawake wakisimulia na kutikisa kichwa. Nilimchukia mpaka miwani. Nilipokuwa darasani nafundisha hesabu za sehemu, nilimkumbuka. Mke wangu akichelewa kurudi kutoka maktaba, niliona wanakaa wote wawili, ingawa nilijua anakaa na karatasi.

Halafu mhadhiri akampa namba ya simu ya mtu huyo. Kumbe walifahamiana, na mtafiti mwenyewe alikuwa amestaafu, anaishi Nduguti, huko huko Mkalama. Mke wangu akapiga simu akiwa chuoni, na kesho yake asubuhi, yeye akiwa bombani, simu yake iliyokuwa ikichaji karibu yangu ikawaka. Niliusoma ujumbe ule nimesimama. "Karibu sana nyumbani. Hakuna aliyewahi kuniambia ameisoma mpaka mwisho. Njoo tukae, tuongee tuchoke."

Tuongee tuchoke. Alipoingia na ndoo nikamwambia nasikia ana safari ya Nduguti, na mimi nitamsindikiza. Alishangaa, kisha akafurahi kweli, akasema alidhani nisingetaka kupoteza Jumamosi yangu. Furaha yake haikunituliza. Nilijiambia anaficha jambo kwa ustadi.

Siku ile nilivaa koti la harusi ya shemeji yangu na viatu nilivyovipiga rangi mwenyewe. Tulipanda basi la asubuhi. Njia nzima yeye alipitia maswali yake, mimi nilitazama mashamba ya alizeti na kupanga nitakavyompa mkono huyo bwana, nitakavyosema "mimi ndiye mume" kabla hajauliza.

Nyumba ilikuwa nyuma kidogo ya ofisi mpya za wilaya. Alitupokea mama mtu mzima, kitenge kiunoni, anachechemea mguu mmoja. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni, karibuni."

Nilitazama nyuma yake, mlangoni. Nikauliza, "Mwenyewe tumemkuta?"

"Mwenyewe ndiye mimi," akasema.

Mke wangu alinigeukia. Niliona anayarudisha majuma yote yale kichwani mwake, ukimya wangu na koti langu, na kila kitu kinapata maelezo. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kutazama. Lugha yetu haimtaji mtu kama ni mwanaume au mwanamke. Inasema tu ameona, ameandika, anajua. Yote mengine nilikuwa nimeyajaza mwenyewe.

Nilitegemea wivu uondoke pale pale. Tulipewa chai na viazi vitamu, nikakaa nikingoja nafuu ije. Haikuja. Wale wawili walianza kuongea kama watu waliokatizwa jana. Yule mama alikuwa afisa mifugo miaka yake yote, na alimuuliza mke wangu maswali ambayo mimi sikuwahi kumuuliza: kwa nini kuku, kwa nini si mbuzi; aliona nini kwa mama yake. Mke wangu akajibu mambo ya nyumbani kwao ambayo nilikuwa siyajui baada ya miaka yote ile. Wote ni Wanyiramba, na walipofika mahali patamu walikiacha Kiswahili. Mimi Mnyaturu nilikamata neno hapa, neno pale, na kila walipocheka nilikuwa nimechelewa.

Kisha yule mama akasema anataka kuona kilichoandikwa juu yake kwenye ile orodha.

Mke wangu alisita. Nilijua kwa nini, maana chini ya kila andiko lazima pawepo upungufu. Akatoa karatasi kwa mikono miwili. Yule mama akavaa miwani, akasoma polepole, akarudia. Tulisikia kuku tu huko nje.

"Umeandika kwamba sikusema wanaume walikuwa wapi nilipokuwa nawahoji wake zao," akasema mwishoni.

"Nisamehe, mama. Nilitakiwa kutafuta—"

"Walikuwepo. Mume wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa ananipeleka kwa pikipiki. Alikaa, na wenye nyumba wakaona aibu kumwacha peke yake, wakakaa naye. Wanawake wakanijibu wanavyotakiwa kujibu. Nililiona hilo siku ya kwanza, na sikumwambia atoke." Akamrudishia karatasi. "Liache kama lilivyo. Usilipunguze."

Hakuna aliyenitazama, na kwa kutonitazama kwao nikaelewa kwamba na mimi nimekaa mahali pa mume yule. Nilisema nataka kunyoosha miguu.

Nje palikuwa na benchi ukutani. Nilikaa na koti langu kwenye jua la Nduguti nikisikiliza sauti zao zikishuka, zikipanda, zikicheka. Ingekuwa mwanaume ningejua la kufanya, hata kama ni la kijinga. Lakini huyu alikuwa mama wa umri wa mama yangu, mwenye mguu mbovu, na bado alikuwa amepata kitu cha mke wangu ambacho nilidhani kinakaa kwangu. Kama angeniita ndani wakati ule, ningeingia nimekasirika.

Tulikuwa kwenye basi la kurudi, tunakaribia mjini. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ulidhani ni mwanaume."

"Hukuwahi kusema."

"Hukuwahi kuuliza."

Nikamwambia kwamba zamani alikuwa ananiuliza mimi kila kitu. Maneno yalitoka vibaya kuliko nilivyotaka, kama mtoto anayedai zamu yake. Alifikiri kidogo, akasema, "Zamani nilikuwa sijui, na wewe ulipenda nisijue. Sasa nikikuuliza naogopa jibu litakuja na hasira. Kwa hiyo siulizi." Alilisema bila ukali, akaendelea kutazama dirishani.

Orodha ile ilikubaliwa, na mhadhiri akaisoma mbele ya wanachuo wote, hasa ile aya ya mama wa Nduguti. Mke wangu alinisimulia hilo akiwa amesimama mlangoni na viatu mkononi. Nilimpongeza, nikawa namaanisha, na chini ya kumaanisha palikuwa na kitu kingine kilichokuwa kikiuma vilevile. Yule mama sasa hupiga simu kila Jumapili. Wanaongea Kinyiramba, mimi natoka kwenda kuwapa kuku maji.

Kazi ya kwenda kwa watu ilipoanza, nilijitolea kumpeleka vijiji vya Mtinko kwa pikipiki. Alikubali, akafunga mkoba wake mgongoni, akasema, "Unipeleke, unishushe, halafu uende. Nitakupigia nikimaliza."

Nilimshusha mbele ya nyumba ya kwanza. Mwenye nyumba, mwanaume wa rika langu, alitoka akanivutia kiti chini ya mwembe. Nikamwambia hapana, ila kama ana nafasi, nilisikia siku ile ni ya mnada, na nisingependa kwenda peke yangu. Alitazama ndani kwake, mkewe alikokuwa akimkaribisha mke wangu, akanitazama mimi, kisha akaenda kuchukua fimbo yake. Tulikaa mnadani mchana kutwa bila kununua kitu. Aliniuliza wanawake wanaongea nini muda wote huo, nikamwambia sijui, na kila mmoja wetu akawa anatazama simu yake.