Fahali Aliyevuliwa Majivu

Jua la Juba halijakolea bado, lakini huku mtaa wa Lemon Gaba, Mabior Chan ana haraka. Amechuchumaa mbele ya fahali wake mweupe, kiganja kimejaa majivu ya samadi, anampaka kuzunguka macho. Fahali anapiga chafya. Mabior anacheka, anajifuta uso, anaendelea.

"Tulia basi, boss. Tukimaliza hapa uende kwa mabibi zako," anamwambia.

Mabior ni mfugaji mdogo. Hukamua ng'ombe wake watatu na kupeleka maziwa mtaa wa Munuki. Jina lake kwa Kidinka ni la fahali mweupe, ila alikulia Nakuru, Kenya, kwenye nyumba ya kupanga ambako hata kuku hakuruhusiwa.

"Nilikuwa na jina bila ng'ombe," anasema.

Aliporudi nyumbani, mama yake, Achai, alimkabidhi ndama mweupe aliyemtunzia. Mwanaume mzima alilia, wala hafichi.

Mapenzi hayo nusura yamponze. Kila asubuhi alimwosha fahali kwa sabuni ya kufulia, ang'ae kama shati la Jumapili. Majivu ambayo wafugaji wa Kidinka huwapaka ng'ombe wao, yeye aliyaona uchafu.

"Mama aliniuliza, 'Kwa nini unamvua nguo?' Mi nikadhani ni utani wake tu," anakumbuka.

Mwaka jana kidonda kikatokea kwenye kope ya chini. Mabior alidhani ni nzi, akazidisha sabuni. Kidonda kikaota nyama. Wachinjaji wakaanza kupitapita pale, wakimtazama fahali kwa macho ya kilo.

Aliyemwokoa ni Daktari Quinter, Mkenya anayetibu mifugo mjini. Hakumgombeza Mabior. Alimketisha akamweleza kwamba ngozi hujikarabati kwa seli zake kugawanyika, moja ikawa mbili, na kwa kawaida seli hujua pa kuachia. Lakini mionzi ya jua ikipiga siku nenda siku rudi kwenye ngozi ya waridi, isiyo na rangi ya kuikinga, huharibu maagizo yaliyomo ndani ya seli.

"Sasa zinagawanyika tu, hazijui kuacha. Hiyo ndiyo kansa," anasema Quinter. "Bahati nzuri tuliikuta kwenye kope. Ingefika ndani, jicho lingeenda, na pengine fahali mwenyewe."

Alimdunga fahali ganzi akaikata nyama yote. Mabior alimshika fahali kichwa, akiomba kwa lugha zote anazozijua. Jicho lilibaki, na mpaka leo Quinter hulikagua kila anapopita.

"Nikiona lile jicho linanicheki, nasema asante Mungu, asante daktari, shukran mama," anasema Mabior.

Majivu huenda yakasaidia kidogo, anasema Quinter, lakini kinga kubwa ni kivuli. Basi Mabior anakusanya miti na nyasi ajenge banda pana kabla ya kiangazi, lenye nafasi ya ng'ombe weupe wa majirani pia. Hataki mwingine apitie alichopitia yeye.

Mwendesha bodaboda anasimama kuchukua maziwa. Anamtazama fahali, kijivu kuanzia pembe hadi mkia.

"Mabior, mbona amechafuka hivyo? Siku hizi humwoshi?"

Mabior anampapasa fahali shingoni, vumbi linapaa.

"Hajachafuka, ndugu yangu. Amevaa."