Gari la Shefe, Minazi ya Bibi

Bibi alinishika kisogo akanibana mdomo kwenye mpira wa mlango. Pale chini ya kioo, karibu na bawaba, mpira ulikuwa umelika kidogo, na hewa nyembamba kama uzi ilikuwa inapita. "Vuta, mke mwenzangu," akaniambia. "Mimi nimeshavuta za kutosha." Jua liko utosini. Vioo vyote viko juu, milango yote imejifunga yenyewe, ufunguo unaning'inia mahali pake humo ndani, na baba yuko nje anazunguka gari, anapiga kioo kwa kiwiko, kwa kiatu, kwa paji la uso. Nauona mdomo wake unafunguka, simsikii. Gari lile tulilisifu kwa hilo tangu siku ya kwanza, kwamba ukifunga mlango, dunia yote inanyamaza.

Nakuanzia hapo, mwenzangu, kwa sababu juzi jirani yangu huku nilikokimbilia wakati wa vita kanunua gari dogo la Kimarekani. Kanisimamisha na beseni langu la mihogo ya kukaanga kichwani. "Ingia dada, ukae tu, usikie kiti kilivyo." Nikamwambia nina haraka. "Haraka ya wapi, na beseni bado limejaa mihogo?" Wakacheka, yeye na mkewe, nami nikacheka nao, kisha nikapita nyuma ya nyumba nikaweka beseni chini na kupumua. Akaniuliza kwa mbali, "Basi niambie, gari hili si zuri?" Zuri. Hata letu lilikuwa zuri.

Mimi si msomi. Shule niliiacha mapema, na ujana niliuruka nikatua kwenye utu uzima. Lakini shamba la bibi nalikumbuka mti kwa mti. Lilikuwa nje kidogo ya Palma, upande wa peninsula, ile ardhi inayoingia baharini, minazi mbele na mikorosho nyuma. Asubuhi tuliamshwa na nazi zikianguka, na bibi kitandani angesema, "Hiyo ya jirani mpishi," au "Hiyo kubwa, kimbia kabla haijaokotwa." Kazi yangu ilikuwa kuokota na kukalia mbuzi, nikikuna nazi mpaka vidole vinanuka mafuta. Msimu wa korosho tulichoma ganda uani, moshi unatutoa machozi, mama anatukemea tusijipake utomvu, tunajipaka. Bibi alisuka makuti akiwa amekaa miguu imenyooshwa, akiniita mke mwenza, akinitisha kwamba babu atakuja ndotoni kunichukua mimi amwache yeye. Babu alikuwa amezikwa palepale, kati ya minazi. Bibi alikuwa akisema, "Mnazi haukuhami, wewe ndiye unayeuhama."

Kisha ikaja gesi. Watu walisema imeonekana baharini, nyingi, hata haisemeki. Hatukuiona wala hatukuinusa. Tulichokiona ni wageni. Nyumba ambamo mwaka jana alilala mbuzi, mwaka huu alilala mhandisi. Na kila mwanamume mjini akaota ndoto moja, kuwa na gari, kwa sababu mwenye gari atapata kazi ya kubeba watu wa gesi. Baba naye akaiota.

Huyo ninayemtaja sasa tulimwita shefe, kama tunavyomwita kila mwenye ofisi. Alikuwa ameletwa kutoka kusini kufanya kazi ya utawala. Kiswahili chake kilikuwa "habari" na "kesho". Hakuwa mkali. Alikuwa anacheka na watoto, anapenda wali wa nazi. Yeye alijua jambo ambalo sisi hatukulijua, kwamba upande wetu wa peninsula utapimwa kwa ajili ya gesi, na kila mti utafidiwa. Kwetu ardhi ni ya serikali, haiuzwi. Kinachouzwa ni mti. Mwenye mti ndiye mwenye kulipwa.

Alikuja siku ya manyunyu akiendesha gari dogo rangi ya komamanga, vioo vyote vimeshushwa, bega lake limelowa. Mama akamwuliza kwa ishara, mbona unalowa? Akacheka, akajipepea kwa mkono. Joto. Tukamwona mtu asiye na makuu.

Gari lenyewe nikueleze, maana sitaki useme nalisingizia. Lilikuwa dogo, la bei ya mtu wa kawaida huko Marekani. Shefe alisema kule hata maskini wanaendesha. Bibi akajibu, "Basi maskini wa kule wana milango mizuri." Magari tuliyoyazoea ukifunga mlango ni kwaa! kama sufuria imeanguka. Lile lilifunga puf, kama mtu ameweka mto. Watoto wa mtaa walipanga foleni kufungua na kufunga. Wanaume wazima walipitisha kiganja kwenye dashibodi, wakasema, "Laini hii, si plastiki ya Mchina." Ndani lilinukia limau. Chini ya limau kulikuwa na harufu nyingine, ya kinamasi, na kwenye klipu ya mkanda kulikuwa na ukoko mweupe. Baba akauonja kwa ncha ya ulimi. Chumvi. Akafuta na kanzu. Kwetu pwani nini hakina chumvi? Bati lina chumvi, redio ina chumvi, kitanda kina chumvi. Mtu wa bara angeshtuka. Sisi tulijisikia nyumbani.

Mama alipika wali wa nazi na pweza. Tukakaa mkekani, shefe naye akakunja miguu vizuri kabisa. Mkalimani alikuwa jirani yetu mpishi, aliyekuwa amepika kwenye nyumba za Wareno na hoteli za Mocímboa. Kireno chake chote kilitoka jikoni. Shefe alipomaliza sahani akajipapasa tumbo, akasema, "Estou satisfeito." Mpishi akasema, "Anasema ameshiba." Tukafurahi. Kisha shefe akaangalia gari pale uani, akaangalia minazi, akamgeukia baba mbele ya wazee wawili wa msikiti aliokuja nao mwenyewe. "E o senhor? Satisfeito?"

Mpishi akatafsiri kama alivyolijua neno lile maisha yake yote. "Anauliza, na wewe umeshiba?"

Baba akajibu kama anavyojibu mtu mwenye adabu mbele ya mgeni. "Nimeshiba, alhamdulillahi. Nimeshiba sana."

"Satisfeito, anasema," mpishi akarudisha.

Shefe akampa mkono, akawapa wazee mkono, akaacha ufunguo juu ya mkeka. Baba alidhani hilo ni gari la kujaribu, kwamba mazungumzo ya minazi bado, kwamba watu wakishakula ndipo huzungumza. Kumbe yalikuwa yamekwisha: neno lile, nje ya jikoni, ni kuridhika, na baba alikuwa amesema ameridhika kutoa minazi kwa gari. Na bibi, mwenye minazi, alikuwa jikoni anakwangua ukoko wa chungu. Hakuna aliyemwuliza kwa lugha yoyote.

Baba alijaribu kurudisha? Alijaribu, mara moja, tena kwa haya. Wazee wakamwambia, "Ulisema mbele yetu." Akarudi, akakaa ndani ya gari, na kuanzia hapo akaamua kuridhika kwa nguvu. Ukimwuliza, "Vipi gari?" anajibu kabla hujamaliza, "Gari! Wewe acha." Honi ilikuwa inalia yenyewe umande ukishuka. Wipa zinafuta kioo mchana wa jua kali. Watu wakasema lina jini. Baba akasema ni gari lenye akili, linajijaribu. Utasemaje ubaya wa kitu ulichokipata kwa minazi ya mama yako?

Usukani ulikuwa kushoto, na kwetu tunapita kushoto, kwa hiyo dereva anaona majani tu. Mimi nilikaa kulia kuwa macho yake. "Subiri baba. Subiri. Pita!" Ndiyo ilikuwa raha yangu, sitaficha. Watu waliniona nimekaa mahali pa dereva, mikono mapajani, gari linakwenda. Wanawake wa sokoni walipiga vigelegele. "He, bi dereva! Usukani umeuacha nyumbani?" Mpishi akiniona ananipigia saluti. Nilijiona malkia. Kazi ya watu wa gesi haikuja, maana wao walitaka magari marefu yenye magurudumu ya tembo.

Kisha wakaja wapimaji, miti ikapigwa rangi, na tukaambiwa tuhame, mwenye minazi sasa ni mwingine. Bibi hakulia. Alikuwa na pumu, na pumu haimpi mtu nafasi ya kulia. Alisema atakwenda kwa ndugu zake Pundanhar, wanalima muhogo, atasuka ukili kwa kuwa minazi kule hakuna. Alimwambia baba neno moja tu: "Nipeleke na hilo gari lako, nami nilipande. Limenigharimu."

Njia ya Pundanhar wewe unaijua, au kama huijui shukuru. Vumbi jekundu, kisha mchanga, kisha vumbi. Kifua cha bibi kikaanza kupiga filimbi. Baba akasema, "Tufunge vioo, mama asivute vumbi." Akabonyeza, vikapanda vyote kwa ulaini, zzz, na bibi akasema, "Ah, hapo sasa." Ndilo neno la sifa la mwisho alilolipa gari lile.

Tulizama kwenye mchanga, mahali hakuna nyumba. Injini ikakohoa ikazimika. Baba akashuka kutazama magurudumu, akafunga mlango, puf. Halafu tukasikia kacha, kacha, kacha, kacha. Nikavuta kitasa changu, kikaja mkononi kimelegea, hakishiki kitu. Nikabonyeza kioo. Hakuna. Baba akacheka kwanza. Alidhani nacheza.

Nchi yetu ni ya mchanga, mwenzangu. Ukitafuta jiwe la kumpigia nyoka hulipati. Baba alikimbia huku na huku akiinama, anaokota, anatupa. Alipata gogo, akalivurumisha kwenye kioo, gogo likawa unga, mchwa walikuwa wamelimaliza. Ukapita msafara wa magari meupe ya watu wa gesi, yameandamana, taa zimewashwa. Baba akasimama katikati ya njia na mikono juu. Wakamzunguka majanini, wakatumwagia vumbi, wakaenda. Baadaye tuliambiwa dereva wao haruhusiwi kusimama njiani, ni usalama. Usalama wa nani? Niliwaona usoni. Mmoja alinitazama, mimi mtoto, mdomo wangu umebandikwa mlangoni kama konokono.

Ndani hewa ilikuwa nzito kama uji. Bibi alivua kanga ya kichwani akanipepea, kisha mkono ukachoka, akaupumzisha mgongoni kwangu, lakini kisogo changu hakukiachia. Nilitaka kugeuka nimpe zamu. Akanibana. "Tulia," akasema. Nilitulia. Nilikuwa mtoto mtiifu.

Baba alikimbilia mbele, akarudi na mchoma mkaa mwenye baiskeli na shoka. Shoka lilipopasua kioo sauti zote za dunia ziliingia kwa pamoja, ndege, baba, baiskeli ikianguka. Mimi nilitolewa ninakohoa. Bibi alitolewa kimya, mkono wake umekunjika vilevile ulivyonishika.

Tulimzika Pundanhar, mbali na babu. Fundi alipokuja kulivuta gari akafunua zulia la chini, akakuta matope makavu, laini, ya kijivu, yamejaa kila tundu la waya. Akasema, "Hili limelala majini. Siyo mvua hii. Limezama lote, huko lilikotoka." Ndipo tukaelewa chumvi, na limau.

Baba akaenda kwa shefe, safari hii na mimi na mpishi. Shefe alisikitika, akashika kifua. Kisha akasema maneno ambayo mpishi alikataa kuyatafsiri mpaka baba alipomtikisa. "Anasema... anasema vioo vile yeye mwenyewe hakuwahi kuvifunga."

Baba akamwuliza, "Kwa nini hakusema?"

"Anasema ulisema satisfeito."

Mpishi aliketi chini palepale kwenye baraza ya ofisi, akaanza kujipiga kinywa kwa kiganja. Hakutafsiri tena mpaka alipokufa. Baba naye akafa kabla ya vita kutufukuza. Minazi ilikatwa, wakazungushia shamba ua wa waya. Kaburi la babu siwezi kukuonyesha lilipo. Hata harufu ya ganda la korosho sasa naipata kwa kubahatisha, upepo ukipenda.

Watu huniambia, gari ni gari, ajali ni kudra. Kudra ya Mungu naiheshimu. Lakini Mungu hakupuliza limau juu ya matope. Nawalaumu ninaowajua. Nawalaumu wazee wawili waliokuja kula na kushuhudia kitu ambacho hawakukisikia vizuri. Namlaumu aliyepima shamba akaandika mgeni ndiye mwenye minazi iliyopandwa kabla mgeni huyo hajazaliwa. Nawalaumu waliompandisha shefe cheo wakamhamisha. Na wale wa magari meupe, na yeyote aliyewatungia sheria kwamba binadamu njiani azungukwe kama shimo.

Na wewe, shefe. Nimesikia uko hai, unaishi vizuri, una wajukuu. Uliendesha kwenye mvua na vioo wazi, ukalowa bega, ukajua, ukakaa mkekani kwetu ukala, ukatuachia ufunguo. Simtaki mwakilishi wako, wala pole yako ya mkono kifuani. Nakutaka wewe, usimame mbele ya watu wa Palma waliobaki, popote walipotawanyika, ujibu kwa kinywa chako. Ulijua milango ile inajifunga. Kwa nini hukutuambia?