Mti wa Kivuli na Mwezi wa Salome

Mpaka leo nikisikia ndama analia kwenye kamba, kile kilio chake cha kubanwa shingo, wivu wangu wa zamani huamka. Mnisamehe, wenzangu, wivu wa utotoni hauna adabu.

Nilikuwa darasa la nne, kwetu Sepuka, mwaka ule Salome alipoletwa nyumbani. Alikuwa mtoto wa shangazi yangu, dada yake Baba, aliyekuwa amefariki kule Manyoni. Alikuja na begi dogo na ukimya mwingi, akaingizwa darasa langu. Tangu siku hiyo nikagundua kwamba Baba, mtu wa kufoka kuanzia zizini hadi jikoni, kumbe alikuwa na sauti nyingine, laini, na yote alimwekea Salome. "Mama, umekula? Umeshiba?" Mimi sikuwahi kuulizwa kama nimeshiba. Niliulizwa mbuzi wako wapi.

Basi mwalimu wa sayansi akatuagiza kila mmoja atengeneze kitu cha kuonyesha mwendo wa jua au mwezi. Kazi moja tu ingechaguliwa ionyeshwe kwa wazazi siku ya kufunga shule. Niliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Nilitaka Baba akae kwenye benchi, anitazame mimi tu.

Jumamosi nikachonga mti mnyoofu, nikauchomeka katikati ya uwanja, nikaanza kuvizia kivuli chake. Kila saa ilipotimia kwenye simu ya Mama, niliweka jiwe pale kivuli kilipoishia. Asubuhi kilikuwa kirefu, kimelala upande wa magharibi. Mchana kikajikunja karibu na shina. Kisha kikaanza kurefuka kuelekea mashariki. Nilijiona nimelishika jua mkia.

Alasiri Mama akanituma maji. Niliporudi na ndoo kichwani nilimkuta ndama amefungwa kwenye mti wangu, anazunguka na kulia, mti umeinama, mawe yametawanyika. Baba alikuwa amepita, akaona kigingi kizuri kimesimama bure, akafunga ndama wake. Mfugaji gani angeona kitu kingine pale?

Nilipiga yowe. Baba akatoka mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

"Unalilia mawe?" akafoka. "Mikono si unayo? Chomeka kingine!"

Jioni ileile mwezi wa Salome nao ukapasuka. Ulikuwa tufe la udongo wa mfinyanzi alilolipaka majivu. Yeye hakulia. Baba akaketi chini kando yake, akachovya vidole kwenye maji, akaziba ufa mmoja baada ya mwingine, halafu akamwazima tochi yake ya kulindia ng'ombe ili iwe jua. Nilisimama mlangoni nikiwatazama. Nilimchukia yule mtoto kwa moyo wangu wote.

Kesho yake nilichomeka mti mwingine, nikauzungushia miiba kama zizi, nikapata mawe yangu yote. Mwalimu akanisifu, lakini akachagua mwezi. Siku ya kufunga shule walifunika madirisha kwa kanga, Salome akamulika tufe lake, akalizungusha taratibu, na watu wazima wakaona mwezi ukiandama, ukijaa, ukififia. Baba alipiga makofi hadi kofia ikamdondoka. Mimi nilikuwa nyuma ya benchi lake. Hakugeuka.

Mwaka jana, tukipepeta alizeti, nilimwambia Salome habari hizo kwa utani, ingawa utani wenyewe ulikuwa na uchungu. Yeye hakucheka.

"Rehema, mimi ndiye niliyekuwa nakuonea wivu," alisema. "Wewe Mjomba alikuwa anakufokea, unanuna, kesho yake mmesahau. Mimi hajanifokea mpaka naolewa. Kuna siku nilivunja mtungi wa maji makusudi, nisikie atasemaje."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza kama nimeumia."

Akaendelea kupepeta. Mimi nikaweka ungo wangu chini. Miaka yote nilikuwa nalilia heshima anayopewa mgeni, na mwenzangu alikaa nyumbani kwetu mpaka akaolewa, akingoja siku atakayofokewa kama mtoto wa mle ndani.