Ondiek na Pazia la Ukweni

Ondiek wa Kaloleni ni fundi wa nguo. Mkono wake dhahabu, mdomo wake mtaro wa soko. Mteja akijaribu gauni jipya, fundi mwingine angesema limemkaa. Huyu husema, "Kitambaa kimejitahidi, mwili ndio umekataa." Akitoka kazini, yaliyobaki mdomoni anampelekea mkewe Lorine. Siku moja Lorine akabeba mkoba, akarudi kwao Asembo.

Ondiek akanijia. Angemwendea nani? Mimi ndiye jagam, mshenga niliyewaoza, na Kisumu nzima haina ulimi kama wangu. Shule niliiaga mapema isije ikauharibu.

"Mzee, nikifika huko niseme nini?"

"Neno zuri. Moja tu."

"Zuri kama gani?"

Mnamsikia? Mtu mzima, ndevu kidevuni, anauliza neno zuri linafanana na nini!

Kwetu mkwe hali mbele ya mama wa mkewe. Kwa hiyo tulipofika tukaandaliwa sebuleni, ugali na samaki ngege wa mchuzi, na nyuma ya pazia la mlango wa ndani tukasikia mtu. Tukajua ni mama mkwe. Nikamkanyaga Ondiek. Akalikodolea pazia macho kama mbuta aliyetolewa majini.

"Mama," akasema, jasho likimtiririka, "samaki huyu... mtamu. Mkono wako umebarikiwa. Tangu nioe sijala samaki kama huyu."

Pazia likajibu, na haikuwa sauti ya mama mkwe.

"Mama yuko kanisani. Nimepika mimi, kwa mkono huu ambao wewe ulisema unapika kama unafua gunia."

Mjinga yule akataka kuzifuta sifa alizotoa! "Mtamu ndiyo, lakini..."

"Lakini nini, Ondiek?"

Kiatu changu kilikuwa juu ya kidole chake, na mimi si mwepesi. Nilimwona akilitafuna lile neno baya, akalimeza na miiba yake.

"Lakini ni kidogo. Niongeze."

Pazia likacheka. Lorine akatoka, sufuria mkono huu, mkoba mkono ule.

"Kula upesi, tusikose gari."

Barabarani Ondiek akaanza kunung'unika kwamba mkoba una mawe.

"Umesemaje?" Lorine akauliza.

"Nimesema nipe nibebe."

Akaubeba mpaka Kaloleni, bwege yule, na kwa mara ya kwanza tangu niwaoze nikamwona mkewe akitembea ubavuni mwake.